Kamera ya Shilingi 40

Enzi za mkanda, Idi Mosi pale Temeke ilikuwa na foleni mbili: ya bembea na ya studio ya picha. Ya studio ndiyo iliyokuwa na vurugu zaidi. Mtoto ana kanzu mpya yenye mikunjo ya dukani, viatu vinambana, mama anamfuta jasho la puani kwa ncha ya kanga, na nyuma yao pazia la kuchorwa linaonyesha maporomoko ya maji au ndege inayopaa, vitu ambavyo mtu wa Tandika au Mtoni havioni nje ya mlango wake. Mpiga picha anainama, anafumba jicho moja, anamwambia mtoto asipepese. Flashi inawaka. Kinachofuata ni subira, maana mkanda ulikuwa na picha 36 na mwenye studio hakuwa tayari kuutoa kwenye kamera mpaka ziishe. Picha ya Idi ingeweza kufika nyumbani Mfungo Mosi umekwisha na Mfungo Pili umeingia.

Ukiigeuza leo picha ya aina hiyo, utakuta nyuma muhuri wa studio, pengine na namba iliyoandikwa kwa kalamu ya wino. Namba ile ni ya negativu, ili mwenyewe akirudi kutaka nakala isiwe kazi kuitafuta. Jina la aliyeipiga halimo. Aliyevaa kanzu tunamjua, ni mjomba. Bibi aliyesimama pembeni tunamjua. Aliyewapanga vile, akamwambia bibi ainue kidevu kidogo, huyo ndiye hatumjui.

Na bado ukanda huu wa Afrika Mashariki umetoa wapiga picha ambao kazi zao zilitikisa dunia. Mmoja wao alijifunza kamera hapahapa Dar es Salaam akiwa bado anavaa kaptula za shule.

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, tarehe 29 Agosti 1943. Baba yake alikuwa mwashi katika shirika la reli, na kazi hiyo ndiyo iliyoihamishia familia Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1950. Kijana alikuwa na umri wa miaka 11 hivi aliponunua kamera ya mtumba, Box Brownie, kwa shilingi 40. Wasomaji wa zama za simu huenda hawajawahi kuiona Brownie: ni kisanduku cheusi chenye lenzi moja mbele na kitufe pembeni, hakina karibu chochote cha kurekebisha. Kodak waliitoa mwaka 1900 ikiuzwa dola moja Marekani, ili hata mtoto aweze kuitumia. Inataka jua la kutosha na inataka mtu atulie. Tena haina lenzi ya kuvuta, kwa hiyo ukitaka sura ya mtu ijae kwenye picha inabidi uende kwake kwa miguu yako. Mohamed Amin alibadilisha kamera nyingi baada ya ile, lakini tabia ya kusogea hakuiacha mpaka anakufa.

Kabla hajamaliza shule alikuwa tayari anawauzia wenye magazeti picha, zikiwemo za mashindano ya magari ya Safari ya Afrika Mashariki. Mwalimu wa hesabu huenda hakufurahi. Lakini mji wenyewe ulikuwa unamfundisha. Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Uingereza iliteremshwa na ya Tanganyika ikapandishwa katika Uwanja wa Taifa, ule tunaouita leo Uwanja wa Uhuru, upande huu wa Temeke. Mohamed Amin alikuwa na miaka 18. Mwaka uliofuata FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, ikaundwa Dar es Salaam, na mwaka 1963 Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ikaweka makao yake mjini. Habari za nusu ya bara zikawa zinapita Dar: wapigania uhuru, mabalozi, wakimbizi, majasusi. Mwaka huohuo wa 1963 kijana alifungua kampuni yake hapa, akaiita Camerapix.

Haikupita miezi mingi. Tarehe 12 Januari 1964 serikali ya Sultani ikapinduliwa Zanzibar, na Mohamed Amin akavuka bahari akiwa na kamera. Aliendelea kwenda kisiwani hata baada ya moto kupoa, akapiga filamu ya wakufunzi kutoka Urusi ya Kisovieti na Ujerumani Mashariki wakifundisha wanajeshi, jambo ambalo wenye nchi hawakutaka lionekane nje. Mwaka 1966 alikamatwa, akafungwa katika gereza la Kilimamigu karibu mwezi mzima, kisha akafukuzwa na kurudishwa Kenya. Hivyo ndivyo Dar es Salaam ilivyompoteza, na ndiyo maana leo watu wengi humtaja kama Mkenya tu, pasipo kukumbuka kwamba alikulia hapa.

Wanaomsimulia hupenda kumfanya shujaa asiyeogopa kitu. Ushujaa alikuwa nao, lakini alikuwa pia mfanyabiashara mkali. Kwenye tukio moja alibeba kamera ya picha za mnato na kamera ya filamu, akafanya kazi kwa zote mbili, akauza huku na kule. Mwenzake mwenye kamera moja alikuwa anapata mteja mmoja. Alijua pia kwamba picha ikichelewa kufika London au New York ni karatasi tu, hivyo kumpata rubani au abiria wa kuubeba mkanda kulikuwa ni sehemu ya kazi sawa na kubonyeza kitufe.

Tarehe 5 Julai 1969 Tom Mboya, waziri wa Kenya, alipigwa risasi akitoka kwenye duka la dawa katikati ya Nairobi. Mohamed Amin alifika mapema kiasi cha kuingia na kamera kwenye gari la wagonjwa, akampiga picha daktari akijaribu kumpulizia pumzi waziri huyo. Ni picha ngumu kuitazama. Kazi ya siku ile ilimletea Uingereza tuzo ya mpiga picha bora wa televisheni wa mwaka.

Halafu ikaja Ethiopia. Mwaka 1984 njaa ilikuwa inaua watu kaskazini mwa nchi hiyo, na serikali ya Mengistu Haile Mariam haikuwa na hamu ya kuwaona waandishi wakizurura huko. Nguvu nyingi za safari ile zilikwenda kwenye vibali: kungoja, kubembeleza, kupiga simu, kukataliwa, kurudi tena. Mohamed Amin na mtangazaji Michael Buerk wa BBC walifika Mekele na Korem mwezi Oktoba. Tarehe 23 Oktoba 1984 taarifa yao ikarushwa, na vituo vya televisheni kwa mamia duniani vikaichukua. Mwanamuziki Bob Geldof aliiona akiwa nyumbani kwake. Kutoka hapo ukazaliwa wimbo wa Band Aid, na tarehe 13 Julai 1985 tamasha la Live Aid, London na Philadelphia kwa siku moja. Watu wa Ulaya bado wanayakumbuka maneno ya ufunguzi ya Buerk. Macho yaliyoiona njaa ile ya Korem yalikuwa ya mtu wa Dar es Salaam, na jina lake kwa watazamaji wengi lilipita kama maandishi madogo chini ya kioo.

Wapo waliouliza baadaye kama ni haki kumpiga picha mtu anayekufa njaa, asiyeweza hata kusema hapana, na kuionyesha sura yake kwa dunia bila jina. Swali ni la kweli, na picha za Korem hazina jibu lake. Kinachojulikana ni kwamba kabla ya picha zile chakula kilikuwa kinakwenda kidogo kidogo, na baada yake kilikwenda kwa ndege.

Mwezi Juni 1991, Addis Ababa, ghala la silaha lililipuka wakati Mohamed Amin na wenzake wakipiga filamu karibu yake. Fundi wake wa sauti, John Mathai, alifariki. Yeye alipoteza mkono wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia Marekani, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 alipanda ndege ya Shirika la Ndege la Ethiopia kutoka Addis Ababa kwenda Nairobi. Ilitekwa na watu watatu, mafuta yakaisha angani, ikaanguka baharini karibu na ufuo wa Ngazija, Komoro. Kati ya watu 175 waliokuwamo, 125 walikufa. Walionusurika walisimulia kwamba Mohamed Amin alikuwa amesimama, anabishana na watekaji. Alikuwa na miaka 53.

Hakuwa peke yake katika kizazi kile. Priya Ramrakha, mzaliwa wa Nairobi mwaka 1935, alitoka katika ukoo wa watu wa magazeti. Jamaa zake ndio waliokuwa wakichapisha Colonial Times, gazeti lililowaudhi wakoloni. Alipiga picha Kenya ya wakati wa Mau Mau, akaenda kusoma Los Angeles, akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kupigia picha majarida ya Time na Life. Tarehe 2 Oktoba 1968 aliuawa kwa risasi akiwa vitani Biafra. Picha zake zilikaa kimya miaka mingi mpaka ndugu yake alipozikuta zimehifadhiwa kwenye gereji Nairobi, ndani ya maboksi. Gereji! Ukifikiria joto na panya wa gereji za Afrika Mashariki, ni bahati kwamba kulikuwa na kitu cha kukuta.

Hao ni wale waliokwenda. Kuna wengine ambao hawakwenda popote: walikaa dukani, watu wakawafuata. Ukimuuliza mwandishi wa habari, atasema kazi ngumu ni ya hao wa kwanza. Ukimuuliza aliyewahi kumpiga picha bi harusi mwenye haya, huku shangazi watatu wakitoa amri kwa pamoja, huenda akabisha.

Zanzibar ilikuwa na studio tangu karne ya 19. A. C. Gomes, Mgoa, ndiye aliyejulikana zaidi, na kadi zake za picha za mji na bandari zimesambaa duniani kote. Kijana mmoja aliyewahi kufanya kazi na nyumba hiyo ya Gomes, Ranchhod Oza, alifungua duka lake mwaka 1930, akaliita Capital Art Studio. Aliwapiga picha masultani na watu wa nyumba yao, na aliwapiga picha pia wapita njia, wavuvi, watoto wa Mji Mkongwe. Mapinduzi yalipokuja, wenye studio wengi waliondoka. Oza alibaki. Sasa wateja wake wakawa viongozi wapya, na kamera ikaendelea. Mwanawe, Rohit, aliirithi kazi, na ukuta wa duka lile katika Barabara ya Kenyatta, uliojaa picha nyeusi na nyeupe, umewafundisha wageni historia ya Zanzibar zaidi kuliko vitabu vingi vya shule.

Mombasa alikuwapo N. V. Parekh, aliyefungua studio mwaka 1942. Kwake watu walikwenda kama wanakwenda kwenye mchezo wa kuigiza. Taa moja huku, taa nyingine kule, bwana ameegemea, bibi ametupa jicho pembeni kama nyota wa filamu ya Bombay. Mapenzi ambayo sebuleni hayakuruhusiwa kuonekana yaliruhusiwa dakika tano mbele ya lenzi ya Parekh.

Na Lamu alikuwapo Omar Said Bakor, aliyezaliwa mwaka 1932, akajifundisha mwenyewe. Alianzia mitaani akipiga watu picha, baadaye akafungua studio yake. Raha yake ilikuwa kwenye chumba cha giza. Msomaji aliyezaliwa na simu mkononi anahitaji kuelezwa chumba hicho. Karatasi ya picha haitakiwi kuona mwanga mweupe. Ukifungua mlango, imeungua. Kwa hiyo fundi hufanya kazi chini ya taa nyekundu. Huiweka negativu kwenye mashine ya kukuzia, huiangaza juu ya karatasi kwa sekunde chache, kisha huitumbukiza karatasi kwenye dawa. Kwa muda hakuna kitu. Halafu nywele zinatokea, kisha macho, kisha kola ya shati. Dawa ya pili huikaza sura isiendelee kuwa nyeusi. Ndiyo maana Watanzania mpaka leo husema kusafisha picha. Ni kazi ya maji na beseni. Bakor aliutumia ufundi huo kuunganisha picha mbili tatu ziwe moja, akamtia mtu mahali ambapo hajawahi kukanyaga, miaka mingi kabla ya kompyuta. Alifariki mwaka 1993, wakati kule Likoni, Mombasa, wapiga picha wa kivukoni walikuwa ndiyo kwanza wanapanga vibanda vyao vya maua ya plastiki, mapazia ya lesi na michoro, wakiwapa wasafiri picha ya kutuma bara kwa wazazi: mimi niko pwani, nimefanikiwa.

Kwa wapiga picha hawa wa dukani, suala la jina lina kisa kimoja ambacho kila mtu wa fani anapaswa kukijua, nacho kilitokea mbali na kwetu. Seydou Keïta alifungua studio Bamako, Mali, mwaka 1948, akawapiga picha maelfu ya watu wa mji ule. Mwaka 1991 picha zake kadhaa zilionyeshwa New York. Watazamaji waliduwaa kwa uzuri wake. Chini yake paliandikwa kwamba mpiga picha hajulikani. Keïta alikuwa hai, yuko Bamako, na mji mzima unamjua! Mkusanyaji mmoja wa sanaa alimtuma mtu Mali kumtafuta, na mtu huyo hakupata taabu kubwa. Aliuliza mjini, akaelekezwa. Miaka mitatu baadaye kazi za Keïta zilikuwa zimetundikwa Paris, na safari hii jina lake lilikuwa kubwa ukutani.

Temeke ingekuwa na Keïta wake, nani angemtambua? Picha zake zingekuwa zimetawanyika kwenye albamu za Keko, Chang'ombe na Mbagala, kila nyumba na yake tano sita, na hakuna aliyewahi kuzikusanya mahali pamoja zikatazamwa kama kazi ya mkono mmoja.

Waliopata bahati ya kujulikana ni wale waliokaa karibu na wakubwa. Adarsh Nayar alikuwa mpiga picha wa Mwalimu Nyerere, na picha nyingi ambazo kwazo taifa linamkumbuka Mwalimu akicheka au akishika jembe ni za watu wa kazi hiyo, waliotakiwa kuwa hatua tatu kutoka kwa rais na wakati huohuo wasionekane. Ni ufundi wa ajabu: kuwa karibu kuliko mawaziri, na kunyamaza kuliko walinzi. Muhidin Issa Michuzi naye alitoka kwenye chumba cha habari cha Daily News. Mwaka 2005 alianza kuweka picha zake kwenye intaneti kila siku: harusi, misiba, mikutano, mechi, mtu aliyekutana naye barabarani. Watanzania walioko ughaibuni wakawa wanafungua kurasa zake asubuhi kama mtu anayefungua dirisha kutazama mtaa. Baadaye alifanya kazi Ikulu. Wapo walioona kwamba picha zake zilikuwa za kawaida mno. Ukawaida huo ndio uliowavuta watu, maana mtu wa Minnesota hakuwa anatafuta sanaa; alikuwa anatafuta shangazi yake kwenye picha ya harusi ya Sinza.

Kodak wenyewe, waliotengeneza ile Brownie ya Mohamed Amin, walifilisika Januari 2012. Mikanda ilikuwa imetoweka madukani kabla ya hapo, na pamoja nayo ikaondoka kazi ya kungoja. Studio za Temeke zilizobaki zinaishi kwa picha za paspoti, kutoa nakala, kulaminetisha vyeti, na kuchapisha picha zilizopigwa kwa simu ya mtu mwingine. Pazia la maporomoko limebaki kuwa kitambaa cha bluu au cheupe, kwa sababu fomu za ofisi hazitaki ndege inayopaa.

Mpiga picha wa mtaani, yule wa viwanja vya Sabasaba kila Julai, anatembea na kamera shingoni na kichapishi kidogo kwenye begi, picha inatoka papo hapo. Mteja wake ni mtu mwenye simu mfukoni. Anachouza ni nini basi? Karatasi, kwanza, maana simu hupotea. Lakini anauza pia jicho la kumpanga mtu: simama hapa, geuka kidogo, mshike mtoto bega. Watu wanalipia kuambiwa wakae vipi.

Na kuna kazi mpya iliyoota kimyakimya, ya wanawake wapiga picha. Kwenye sherehe za kike za Waswahili, ambapo bi harusi anakaa bila mtandio na wageni wanaombwa waziache simu mlangoni, mwanamume mwenye kamera hana njia. Mpiga picha wa kike anaingia, anakaa mpaka usiku, na kabla hajaondoka huulizwa picha atazihifadhi wapi na nani atazigusa. Mohamed Amin alibembeleza kibali Addis Ababa. Huyu anakitafuta kwa mama wa bi harusi. Akivujisha picha moja tu, habari itafika Mbagala Rangi Tatu kabla yake, na sherehe nyingine hataitwa.

Joto na unyevu wa Dar es Salaam havina huruma na karatasi. Picha za zamani hunata kwenye plastiki ya albamu, na ukizivuta kwa pupa uso hubaki kwenye plastiki. Kwa hiyo kuna vijana wa studio siku hizi ambao kazi yao ni kuzibandua taratibu, kuziskani, kuziba mikwaruzo kwenye kompyuta, na kutoa nakala mpya kwa ajili ya hitima au ya kutundika ukutani. Mteja huleta picha ya marehemu imefungwa kwenye gazeti ndani ya mfuko wa plastiki, anaiweka juu ya meza, anaanza kueleza huyu ni nani na ilikuwa mwaka gani. Kijana anasikiliza, anaishika pembeni kwa vidole viwili, na kabla hajaiweka kwenye mashine anaigeuza nyuma, kutazama kama muhuri bado unasomeka.